Nati ya sampo na washa yake: lini ubadilishe, lini uache

Nati ya sampo ndiyo inayofunguliwa chini ya injini kumwaga oili; sampo ni bakuli linaloshika oili hiyo, na washa ni kile kiringi kinachokaa kati yao. Washa badilisha kila unapomwaga oili. Nati badilisha ikionyesha dalili. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaenda zake dukani. Wengine tuendelee, maana magari mengi huharibikia kwenye hiyo "dalili".

Mimi ni fundi, gereji yangu iko Tabata, Dar es Salaam, na wateja wengi huja kwangu kwa sevisi ya kawaida: IST, Vitz, Probox, Noah, Honda Fit, na Subaru za vijana. Kumwaga oili kunaonekana kazi ya kitoto, ndiyo maana kwenye gereji nyingi hupewa kijana aliyeanza juzi. Matokeo yake ni kwamba nati inayofunguliwa mara nyingi kuliko nati yoyote ya injini ndiyo inayoshikwa na mikono isiyo na uzoefu kuliko yote.

"Fundi, kaza kidogo tu"

Ombi ninalolisikia sana ni hili: "Shikamoo fundi. Gari inadondosha oili pale chini, naomba ukaze tu ile nati niwahi." Marahaba, lakini sikazi. Anayekaza nati inayovuja bila kuifungua anaficha tatizo la washa leo na kutengeneza tatizo la sampo kesho. Washa ni kitu cha bei ndogo kuliko chochote utakachonunua siku ya sevisi. Sampo ni hesabu nyingine.

Elewa kwanza oili inazuiwa na nini. Watu wengi wanadhani thredi za nati, ile mistari ya kuzungushia, ndizo zinazoziba. Sivyo. Oili ya moto inapita kwenye thredi bila shida. Kinachoziba ni washa iliyobanwa kati ya nyuso mbili bapa: uso wa sampo juu na kola ya nati chini. Unapokaza, nati yenyewe inavutika kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa macho, na mvutano huo ndio unaobana washa. Washa ni ya metali laini au ina utando laini, kwa hiyo inabonyea na kujaza mikwaruzo midogo ya nyuso zote mbili. Pakishajaa, oili haina pa kupita.

Sasa metali laini ikishabonyezwa inakuwa ngumu. Ukiifungua na kuirudisha, mikwaruzo yake ya zamani haikai tena palepale ilipokuwa, na yenyewe imepoteza ulaini wa kubonyea upya. Ili ibane inabidi ukaze zaidi ya mara ya kwanza. Sevisi inayofuata unakaza zaidi tena. Ndiyo safari ya thredi kuliwa hiyo, inaanzia kwenye washa moja iliyorudishwa. Washa ya namna hii ni njiti ya kibiriti: kazi yake inafanyika mara moja.

Najua kuna wanaorudisha ileile washa miaka na miaka na gari haidondoshi. Inawezekana, hasa kwa ile bapa ya aluminiamu kwenye nati ambayo haijawahi kukazwa kupita kiasi. Siwezi kusema ni waongo. Ila mimi gari ya mteja siibahatishi.

Washa zenyewe hazifanani, na hapa ndipo wauza spea wanapokosea wakikupa "yoyote inayoingia". Toyota nyingi za petroli tunazoendesha hapa hutumia washa yenye kiini cha metali na utando wa kijivu pande zote. Utando ukichubuka au ukibaki umeganda kwenye sampo, imekwisha. Namba yake ya spea ni 90430-12031, iandike kwenye simu yako kabisa. Honda hutumia aluminiamu bapa ya tundu la milimita 14, namba 94109-14000. Nissan nyingi zina ya rangi ya shaba, 11026-01M02, ambayo mpya ni nene na ikishakazwa inalala. Subaru nazo wanatumia ya kubonyea, yenye uwazi ndani. Hizi za kubonyea usizirudishe hata siku moja: shika mpya na ya zamani pamoja, utaona unene umepungua, na kilichopungua hakirudi.

Ile ya shaba tupu, bapa, ina nafuu moja. Ukiipasha moto hadi iwe nyekundu kisha ukaiacha ipoe, au hata ukaitumbukiza kwenye maji, inarudi kuwa laini. Futa masizi kwa msasa laini na itakufaa. Wazee wa gereji walifanya hivyo, nami nimefanya nikiwa mbali na duka. Usijaribu kwa aluminiamu, hiyo inayeyuka kabla hujaona rangi yoyote ya kukuonya.

VW na Audi nyingi wao wamemaliza ubishi: washa imefungwa kwenye nati na haitoki. Pale unabadilisha nati nzima kila sevisi, huna la kujadili.

Nati inachoka vipi

Nati iliyoshikwa vizuri inaweza kuishi umri wa gari. Ni chuma, na imetengenezwa iwe imara. Kwa hiyo sikubaliani na fundi anayekuuzia nati mpya kila sevisi bila kukuonyesha kasoro. Mwambie akuonyeshe. Kasoro za nati zinaonekana kwa macho na kushikika kwa kidole.

Anza na kichwa. Kona sita ziwe kali. Zikianza kuwa duara, spana itateleza siku moja, na siku hiyo haitakuwa siku ya raha. Kona huisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni spana mbaya: spana ya mdomo wazi, au soketi ya kona kumi na mbili iliyolegea, au, Mungu atusamehe, paipu renchi. Ya pili ni barabara zetu. Nati ya sampo inakaa chini kabisa ya gari, na ukipanda tuta lisilo na alama au ukiingia barabara za ndani wakati wa masika, kichwa kinasaga mawe. Nimeziona nati zimesagwa upande mmoja mpaka spana haishiki. Ukiona alama za meno ya praiza au za tindo kichwani, usijiulize mara mbili, nunua nyingine wakati hii bado inafunguka.

Halafu thredi. Ifute nati kwa kitambaa chenye petroli kidogo, ipeleke kwenye mwanga. Thredi ziwe na ncha sawasawa kuanzia juu hadi chini. Ncha zilizolala, au kipande kilichoruka, ni dalili tosha. Ukiona vinyuzi vinavyong'aa vyeupe vimekwama kati ya thredi, hivyo si vya nati. Ni aluminiamu ya sampo. Hapo nati ni mshitakiwa tu, mgonjwa yuko juu.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji kifaa. Chukua nati mpya ya aina ileile, ziweke mbili ubavu kwa ubavu, thredi za moja ziingie kwenye mifereji ya nyingine, uzielekeze kwenye jua. Zikiwa salama, zinakumbatiana na mwanga haupiti. Ya zamani ikiwa imevutika, utaona mwanga unaanza kupita kuelekea mwisho mmoja, au shingo chini ya kola imekuwa nyembamba. Nati iliyovutika haiwezi tena kubana kama inavyotakiwa, utakaza na itaendelea kuvutika, mpaka ikatike.

Angalia na kola, ule uso unaokaa kwenye washa. Mfereji uliochimbwa na washa iliyokazwa kupita kiasi utavujisha hata ukiweka washa mpya. Ukiwa wa juujuu unaweza kuusawazisha kwa msasa uliolazwa kwenye kioo. Ukiwa wa kina, badilisha.

Dalili ya mwisho haiko kwenye chuma. Ukikuta silikoni, au ule utepe mweupe wa mafundi bomba, umezungushwa kwenye thredi, ujue kuna mtu aliona tatizo akalifunika. Utepe huo haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na kipande cha silikoni kilichokauka kikikatikia ndani kinaelea kwenye oili mpaka kwenye chujio la pampu. Mteja mmoja alinunua Noah kwa mtu, anasema aliambiwa "haina tatizo lolote". Nati ilikuwa imevishwa utepe kama mgonjwa wa ajali. Tulipoufungua, thredi tatu za sampo zilitoka nao.

Kukaza: hesabu ya mkono

Kwa injini ya 1NZ, ile ya IST, Probox na Vitz kadhaa, kipimo cha kukaza ni karibu 37 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Honda ndogo ni karibu 39. Nissan nyingi 34. Kama una toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kazi imekwisha, weka namba, kaza taratibu, ikilia "ta" acha. Usirudie mara ya pili "kwa uhakika".

Kama huna, fanya hesabu. Spana yenye urefu wa sentimita 25 kutoka kwenye nati mpaka unapoishika inahitaji nguvu ya kama kilo 15 ili ufikie 37 Nm. Kilo 15 ni chini ya ndoo ya lita 20 iliyojaa. Mtu mzima anavuta hiyo kwa mkono mmoja akiwa amelala chali, bila kukunja uso. Sasa mfikirie kijana aliyechomeka bomba la mita moja kwenye spana akavuta kwa kilo 30 tu: ameweka karibu 300 Nm kwenye nati iliyoomba 37. Sampo ya aluminiamu haiwezi kuvumilia hilo. Ya chuma itavumilia kidogo, kisha nayo itaachia.

Ninavyowafundisha vijana wangu: nati iende kwa vidole mpaka iguse washa. Si kwa spana, kwa vidole. Ikigoma njiani, toa, safisha, anza upya. Baada ya kugusa, weka spana fupi. Washa ya kubonyea utaisikia inalegea chini ya mkono, inazunguka huku ikibonyea, halafu ghafla inakuwa ngumu. Pale ilipokuwa ngumu, ongeza kidogo na uache. Ile bapa haikupi ujumbe mrefu hivyo, inagusa na inashika.

Tahadhari ya saizi

Nati nyingi za Toyota na Nissan ni milimita 12 kwa 1.25 (unene wa nati, kisha nafasi kati ya thredi moja na nyingine), kichwa spana 14. Honda, Mitsubishi na Suzuki nyingi ni 14 kwa 1.5, kichwa 17. Subaru zenye injini ya EJ zina nati nene ya milimita 20. Baadhi ya BMW na Mercedes ni 12 kwa 1.5, na hapo ndipo pana mtego: unene uleule wa Toyota, lakini mwendo wa thredi tofauti. Ukiipeleka kwenye sampo ya Toyota itaingia mizunguko miwili hivi, kisha inakuwa nzito. Mwenye pupa anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu. Anachochonga pale ni thredi mpya kwenye chuma ambacho hakikuombwa.

Kwa hiyo dukani, iwe Gerezani au duka la mtaani kwako, nenda na nati ya zamani mkononi pamoja na namba ya chasisi. Uzilinganishe kwa ile njia ya kuzikumbatisha. Na uulize kama nati mpya inakuja na washa, maana mara nyingi haiji nayo.

Kabla hujailaumu nati

Oili inateremka. Ikivuja kwenye kifuniko cha valvu, kwenye sili ya mbele ya krenki, kwenye oili filta au kwenye kingo za sampo, itafuata chuma mpaka sehemu ya chini kabisa, na hiyo ndiyo nati. Watu wamebadilisha nati na washa mara kadhaa kwa sababu ya filta iliyofungwa juu ya raba mbili, ile ya zamani ikiwa imeganda pale.

Safisha eneo lote kwa petroli au dawa ya kusafishia breki, injini ikiwa imepoa, na liache likauke kabisa. Pakaza poda ya mtoto kuzunguka nati na juu yake kidogo. Endesha gari mizunguko ya kawaida, kisha chungulia na tochi. Poda iliyolowa inakuonyesha oili imetokea wapi. Ikilowa kuanzia kwenye mstari wa washa, ni washa. Ikiwa na mchirizi kutoka juu, achana na nati, panda juu ukamtafute mwizi.

Siku ya kazi

Sitakueleza sevisi nzima. Haya tu yanayohusu nati. Gari iwe sehemu tambarare, juu ya stendi za jeki. Matofali yanapasuka bila kuaga, usilale chini ya gari iliyowekwa juu yake. Injini iwe ya vuguvugu, si ya kuunguza: dakika chache za kuunguruma zinatosha kuilainisha oili. Tumia spana ya ringi au soketi ya kona sita. Wenye Subaru, hakikisheni mnafungua nati ya injini. Wapo waliomwaga oili ya gia kwa kudhani ni ya injini, wakaongeza oili mpya juu ya ile ya zamani, gari ikaondoka imezidishwa huku na kukaushwa kule.

Nati ikikaribia kutoka, isukume juu kwa kidole huku ukizungusha, kisha iondoe kwa mara moja. Hapo thredi za mwisho hazichubuki, na mkono wako hauogi oili.

Oili ikiwa inamalizika kudondoka, pitisha kidole kwenye uso wa sampo kuzunguka tundu. Washa ya zamani hupenda kubaki pale, nyembamba, rangi moja na sampo. Ukiweka mpya juu yake, una washa mbili na uvujaji wa uhakika. Iondoe kwa kucha au kwa kipande cha plastiki, usiichokonoe kwa bisibisi ukakwaruza uso.

Kisha jaribu nati bila washa, kwa vidole, ifike mwisho. Hapa ndipo unapojua hali ya sampo. Ikienda laini na haichezi, vizuri. Ikicheza kushoto na kulia huku imeingia nusu, thredi za sampo zimekwisha, na nati mpya peke yake haitakuokoa.

Ukifikia huko, njia zipo. Helikoili ya 12 kwa 1.25, yaani springi ya chuma inayowekwa ndani ya tundu iwe thredi mpya, ikifungwa na mtu anayejua inakuwa imara kuliko thredi za mwanzo. Sampo ya chuma fundi wa kuchomelea anaweza kuiwekea nati mpya, baada ya kuishusha na kuiosha, siyo ikiwa kwenye gari na mvuke wa oili ndani. Kushusha sampo na kuweka nyingine iliyotumika lakini nzima mara nyingi ndilo jibu la busara. Zile nati nene kidogo zinazojichongea thredi zenyewe, "ovasaizi", nazikubali kwa shingo upande. Zinaacha vumbi la chuma ndani, na ukishaiweka hiyo, umepunguza nyama ya kufungia helikoili baadaye. Anayeiweka aipake grisi kwenye thredi inase vumbi, amwagie oili kidogo kutoka juu isuuze, ndipo afunge.

Ukimaliza, jaza oili ya kiwango (1NZ inataka lita 3.7 ukibadilisha na filta), washa injini, iache dakika mbili tatu, zima, chungulia. Usiku laza boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Tone la kwanza la asubuhi linaweza kuwa oili iliyomwagikia kwenye krosimemba, ile boriti ya chuma chini ya injini, ulipokuwa unafungua filta. Tone la asubuhi ya pili halina udhuru huo.

Na kama uko njiani, sema umepita Chalinze, taa nyekundu ya oili ikawaka: egesha na zima papo hapo. Usijaribu kufika sheli inayoonekana pale mbele, injini isiyo na oili haikupi muda huo. Chungulia chini. Ukikuta tundu tupu, nati ya Vitz, IST, Probox au Noah ya petroli yote ni 12 kwa 1.25, kwa hiyo ni rahisi kuipata kwenye maduka ya spea ya barabarani. Mimi kwenye buti nina moja, na washa mbili, ndani ya kichupa cha dawa kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito ili mke wangu asikitupe.